Ada ya shule Dubai hailipwi na mwajiri wa kila mtu

Eti anayehamia Dubai kikazi asihofu ada za shule kwa kuwa mwajiri ndiye hulipa? Labda mameneja. Mimi nimekaa Deira, mtaa wa hapo Dubai, miaka sita, mkataba wangu ulikuwa na nyumba na tiketi ya likizo, basi. Ada ya watoto wawili ilitoka mfukoni kwangu. Shule za mtaala wa Kiingereza tulizitazama kwa macho tu, tukawapeleka za mtaala wa Kihindi, ambazo kwa kawaida ndizo nafuu. Nazo huanza mwaka Aprili, si Septemba, kwa hiyo ukifika Juni darasa limeshakwenda mbali. Halafu kuna basi la shule, sare, vitabu, kila kimoja na bili yake. KHDA, mamlaka inayosimamia shule binafsi pale, huweka ada za kila shule mtandaoni na shule haipandishi inavyotaka, hilo nawapongeza. Ila bei ya kuanzia yenyewe ni moto. Mwishowe mama watoto alirudi nao Tanga, nikabaki peke yangu. Nyie mlioko Muscat na Doha, mnamudu vipi?