Msimamizi Asiyeondoleka

Katika kundi la simu la wapangaji wa jengo letu hapa Kampala, msimamizi amejipa enzi ambayo hakuna aliyempa kwa kura. Jumanne usiku niliuliza, kwa adabu kabisa, kwa nini shilingi 10,000 tulizochanga kila nyumba kwa ajili ya taa ya lango hazijaonekana langoni. Kabla chai yangu haijapoa, swali lilikuwa limefutwa.

Mama mmoja wa ghorofa ya juu, ambaye kwa kawaida hutuandikia salamu za asubuhi tu, akaanzisha kura: abaki au ampishe mwingine? Tulikuwa tumefika 19 wa kutaka ampishe mwingine dhidi ya 4 pale kura yenyewe ilipofutwa na kundi likafungwa, wasimamizi pekee (yaani yeye) wakiweza kuandika.

Linaloniudhi zaidi ni kwamba aliyeanzisha kundi hawezi kuvuliwa usimamizi na mwanachama yeyote, huondoka apendapo. Mwaka 2018, tulipomchagua mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji au mtaa, ngazi ya chini kabisa ya serikali za mitaa), tulipanga mstari nyuma ya mgombea tuliyemtaka, tukahesabiwa mbele ya macho ya majirani. Utaratibu ule una kasoro zake, maana mwenye nyumba wako huona umesimama nyuma ya nani, lakini walau hakuna mgombea aliyeweza kuufuta mstari kwa kidole gumba.

Jana tumefungua kundi la pili, na ujumbe wangu wa kwanza humo ni lile swali la taa.