Elimu ya lishe inamwendea nani?

Ukiuliza mahindi ya Tanzania yanatoka wapi, utaelekezwa Nyanda za Juu Kusini. Viazi mviringo vinashuka kutoka Njombe vikiwa vimeshindiliwa lumbesa, maharage na mahindi yanafuata. Lakini utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi na mtoto wa mwaka 2022 ulikuta kwamba Iringa, mkoa wa nyanda hizohizo, ndiyo inaongoza nchini kwa udumavu, yaani watoto kuwa wafupi kuliko umri wao: asilimia 56.9 ya watoto walio chini ya miaka mitano. Njombe ni asilimia 50.4, Rukwa 49.8. Wastani wa nchi nzima ni 30.

Takwimu hizi zimezaa kauli ambayo sasa imekuwa kama wimbo wa mikutano: chakula wanacho, hawajui kukila. Dawa inayofuata ni elimu. Kila robo mwaka kijiji huwa na Siku ya Afya na Lishe ya Kijiji, maarufu kama SALiKi. Watoto wanapimwa uzito na urefu, mikono inazungushiwa utepe, sufuria inapikwa hadharani, na mhudumu wa afya anasimama na bango la makundi ya chakula. Halmashauri nazo zimeagizwa kutenga shilingi 1,000 kwa kila mtoto wa chini ya miaka mitano kwa ajili ya shughuli za lishe.

Wanaoitetea elimu hii wana hoja, na si ndogo. Ziko nyumba ambazo maharage yamejaa kihenge na mtoto anakunywa uji mweupe wa mahindi matupu asubuhi na jioni. Mayai yanakwenda gulioni yote, hata moja halibaki. Mtoto wa miezi mitatu anaonjeshwa uji kwa sababu analia, na bibi yake anasema maziwa hayamtoshi. Hapo maarifa yanaweza kubadilisha kitu bila mtu kuongeza hata senti. Hata unga wa lishe, ule wa kuchanganya nafaka, soya na karanga mpaka unakuwa kama duka zima, ulihitaji mtu wa kusema hatari yake. Karanga zilizohifadhiwa vibaya zinaota ukungu wenye sumukuvu, na sumukuvu si jambo la hadithi: mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara. Jambo kama hilo mama hawezi kuligundua kwa kuonja tu.

Tatizo linaanza pale tunapochukulia kwamba anayesikia somo ndiye mwenye uamuzi.

Chukua somo jepesi kuliko yote, la kunyonyesha maziwa ya mama pekee kwa miezi sita. Maziwa hayanunuliwi, kwa hiyo tunasema halina gharama. Lakini linataka mama awe karibu. Mwanamke aliyeajiriwa, sheria ya kazi inampa siku 84 za likizo ya uzazi, yaani hata nusu ya hiyo miezi sita haifiki. Na huyo ndiye mwenye bahati. Anayevuna chai kwa kibarua Mufindi, au anayepalilia shamba lililo mbali na nyumba, hana likizo ya aina yoyote. Mtoto anabaki na dada yake wa miaka minane na chupa ya uji uliopoa. Kumweleza mama huyo umuhimu wa kulisha mtoto mara nne kwa siku ni kumsomea kitu anachokijua, na pengine kinachomuuma.

Kuna na suala la mfuko, ambalo bango halina picha yake. Viazi vinalimwa na wawili, vinauzwa na mmoja. Fedha ikishapitia kilabuni, hasa msimu wa ulanzi, mboga ya wiki hiyo inajulikana. Nimeona SALiKi zinatangazwa kama siku ya akina mama na watoto, halafu tunashangaa baba hakuja.

Je, basi elimu imeshindwa? Wenye shaka wanaonyesha Iringa, ambako udumavu ulikuwa karibu asilimia 42 mwaka 2015/16 na ukapanda katikati ya miradi na semina. Lakini Rukwa ilikuwa na asilimia 56 wakati huohuo, ikashuka. Mradi wa Lishe Endelevu, mmojawapo wa miradi hiyo, ulianza 2018 katika mikoa yote miwili. Mwalimu yuleyule, matokeo mawili. Mimi sioni namna ya kutumia takwimu hizo kuitakasa elimu wala kuihukumu, ingawa kila upande hujaribu.

Kinachonishawishi zaidi ni jambo la zamani, na lilitokea Iringa hiyohiyo. Mpango wa lishe ulioanza mwaka 1983 kwa msaada wa UNICEF, WHO na fedha za Italia ulifika vijiji 168 na kupunguza sana utapiamlo mkali ndani ya miaka mitano. Masomo yalikuwepo. Lakini kilichotangulia ni mizani. Watoto walipimwa kila miezi mitatu, majibu yakapelekwa kwa serikali ya kijiji, na viongozi wakalazimika kujadili kwa nini wameshuka uzito na kijiji kitafanya nini. Kituo cha kulelea watoto wakati wa kilimo kilikuwa jibu la kijiji. Mama hakuachiwa swali peke yake.

SALiKi ya leo ina mizani ileile. Ninachotaka kujua ni karatasi ya vipimo inaishia wapi: kwenye jalada la zahanati, au kwenye ajenda ya mkutano wa kijiji mbele ya wanaume waliouza viazi?

Halafu kuna sembe. Kila somo linahimiza dona, kwa sababu ukikoboa mahindi unaondoa kiini na sehemu kubwa ya virutubisho. Mama anaitikia, anabeba debe lake kwenda mashineni, anakuta foleni yote inakoboa, na unga mweupe ndio wa kumpa mgeni. Ningekuwa napanga siku ya lishe inayofuata, mtu wa kwanza kumpelekea barua ya mwaliko angekuwa mwenye mashine.