Mafuta ya Pikapu Nzito ya Dizeli: Tiba Iko Gereji au Mguuni?

Wamiliki wa pikapu nzito za dizeli, zile za daraja la Ford F-250, Ram 2500 na Chevrolet Silverado 2500, wamegawanyika kambi mbili kuhusu namna ya kupunguza ulaji wa mafuta. Kambi ya kwanza inaamini kwamba tiba iko gereji: kompyuta ya injini ipangwe upya, bomba la ekzosi lipanuliwe, uwiano wa difu ubadilishwe, na hata vifaa vya kusafisha moshi ving'olewe. Kambi ya pili inashikilia kwamba gari halina kosa lolote na kwamba kosa liko kwenye mguu wa dereva. Mimi niko karibu zaidi na kambi ya pili, ingawa si kwa sababu zote inazozitoa, na kambi ya kwanza ina hoja mbili tatu ambazo wapinzani wake huzikwepa.

Sehemu kubwa ya ugomvi huu inatokana na upimaji mbovu. Nchini Marekani, ambako ndiko kwenye soko kuu la magari haya, pikapu ambayo uzito wake wa juu ulioidhinishwa pamoja na mzigo unazidi pauni 8,500, yaani takriban kilo 3,850, hailazimiki kubandikwa kibandiko rasmi cha matumizi ya mafuta, kwa hiyo mnunuzi hana namba ya kuanzia. Hubaki akitegemea kompyuta ya dashibodi, ambayo mara nyingi humbembeleza kwa asilimia kadhaa. Njia ya kuaminika ni ile ya kizamani: kujaza tangi mpaka pampu ikate, kuendesha mpaka tangi likaribie kwisha, kujaza tena kwa namna ileile, kisha kugawa lita kwa kilomita, na kurudia zoezi hilo mara tano au sita kabla ya kugusa spana. Tangi moja halithibitishi kitu, kwa kuwa upepo wa mbele, baridi ya asubuhi au foleni moja ndefu vinatosha kumeza faida yote ambayo kifaa kipya kinadaiwa kuleta. Anayefunga matairi ya kipenyo cha inchi 35 badala ya inchi 33 anaifanya odometa ihesabu pungufu kwa karibu asilimia 6, na asiposahihisha hesabu atalaumu matairi kwa hasara ambayo sehemu yake iko kwenye karatasi tu.

Hata kipimo cha kilomita kwa lita, tulichokizoea sote, hupotosha. Pikapu inayotoka kilomita 5 kwa lita na kufikia 6 imeokoa zaidi ya lita 3 katika kila kilomita 100, wakati gari dogo linalotoka kilomita 15 na kufikia 16 limeokoa chini ya nusu lita. Ongezeko la kilomita ileile moja lina thamani mara nane kwenye gari zito. Kwa hiyo wanaosema kwamba aliyenunua gari la namna hii hana haki ya kuhangaikia mafuta wamelishika jambo kinyume, kwa sababu ni kwenye magari haya ambako juhudi ndogo hulipa zaidi.

Sasa tuutazame mwendo. Tuchukulie pikapu ya tani 3.5 yenye umbo la kawaida la daraja hili. Msuguano wa matairi yake na barabara huhitaji nguvu ya takriban niutoni 380, na nguvu hiyo haibadiliki sana kasi inapoongezeka. Ukinzani wa hewa ni jambo jingine kabisa, kwa kuwa unakua kwa kipeo cha pili cha kasi: kwenye kilomita 70 kwa saa unakaribia kulingana na msuguano wa matairi, kwenye 90 unafika karibu niutoni 600, na kwenye 110 unafika karibu 900. Kutoka 90 hadi 110, jumla ya nguvu inayotakiwa kulisukuma gari inapanda kwa takriban asilimia 30, na ukizingatia kwamba injini nzuri ya dizeli hugeuza kuwa kazi kama theluthi moja tu ya nishati iliyomo katika mafuta, tofauti hiyo inatafsirika kuwa lita 2 au zaidi kwa kila kilomita 100. Hakuna spea ya kawaida inayouzwa kwa ajili ya pikapu hizi itakayokupa kiasi hicho, na akiba hii ya mwendo haiuzwi popote.

Hata hivyo, kambi ya mguu hupenda kunyamazia gharama ya ushauri wake. Kilomita 100 kwa mwendo wa 90 badala ya 110 huongeza dakika 12 safarini, maana yake dereva anauza dakika 12 kwa lita 2, au saa nzima kwa lita 10. Mwenye gari binafsi anayerudi nyumbani jioni anaweza kuiona biashara hiyo kuwa nzuri, lakini mkandarasi aliyepakia mafundi wanne wanaolipwa kwa saa anaweza kuiona hasara tupu, na hesabu yake haina kasoro. Tena barabara nyingine hazimpi dereva nafasi ya kwenda polepole bila kuwa kizuizi na hatari kwa wanaomfuata. Mwenda pole hajikwai, lakini kuna siku anachelewa kazini. Ninachokidai ni kidogo kuliko kile ambacho kambi hiyo hudai: mwendo ndio mahali penye akiba kubwa zaidi, na anayeamua kutoichukua akiba hiyo ajue anakataa nini kabla hajalipia kitu kingine.

Baada ya mwendo, kinachofuata kwa uzito ni matairi, na hapa gereji ina la kusema. Matairi yenye meno makubwa ya matope hupoteza nishati nyingi kila yanapojikunja na kujinyoosha, na kubadilisha kwenda matairi ya barabara kuu kunaweza kupunguza msuguano huo kwa sehemu inayoonekana. Punguzo la asilimia 15 tu kwenye mfano wetu ni karibu niutoni 57, mara tano ya faida ya kushusha kilo 100 za makorokoro kutoka bodini. Upepo wa matairi ni jambo dogo zaidi, na takwimu ya serikali ya Marekani kwa magari ya kawaida ni hasara ya asilimia 0.2 kwa kila psi moja (pauni kwa inchi ya mraba) ya shinikizo inayopungua kwenye matairi yote, lakini tairi la pikapu nzito hujazwa hadi psi 80, kwa hiyo pana nafasi kubwa ya kupungukiwa bila macho kugundua. Kuinua gari kwa springi ndefu ni upotevu mtupu kwa anayeendesha kwenye lami, na keria la juu lisilobeba kitu nalo ni hivyohivyo. Kuna pia imani ya zamani kwamba kuteremsha mlango wa nyuma wa bodi huipitisha hewa kwa urahisi, kumbe mlango ukiwa umefungwa bodi hujaa hewa inayozunguka palepale kama mto wa kulalia, na hewa ya juu huteleza juu ya mto huo; ukiushusha unauvunja mto wenyewe.

Suala la kuipanga upya kompyuta ya injini linahitaji uangalifu zaidi, kwa sababu wanaolitetea hawasemi uongo. Mtengenezaji huacha akiba katika mpangilio wake: anafikiria mafuta duni, milima, joto kali na tela zito, yote yakiwa mikononi mwa dereva asiyejali. Kuwahisha kidogo upulizaji wa mafuta kwenye silinda huongeza kweli kazi inayopatikana kwa kila tone, na nguvu zaidi kwenye mizunguko ya chini huiwezesha giaboksi kubaki kwenye gia ndefu. Lakini kuwahisha huko huongeza pia shinikizo na joto ndani ya silinda, na joto ndilo linalozalisha oksidi za nitrojeni, gesi chafu za moshi. Kinachookolewa kwenye pampu kinaweza kudaiwa baadaye na gasketi ya silinda hedi au na giaboksi. Kuna pia udhaifu wa kibinadamu: anayepewa nguvu za ziada huzitumia, na wengi wanaoripoti akiba wameipima katika wiki za kwanza, wakati mguu ulikuwa bado unajaribiwa.

Hoja nzito kuliko zote ni ya kung'oa chujio la masizi, mfumo wa urea unaosafisha oksidi za nitrojeni kwenye bomba, na vali ya kurudisha moshi kwenye injini. Tuanze na upande wa wanaong'oa. Chujio likijaa, injini hupuliza mafuta ya ziada ili kupandisha joto la ekzosi hadi nyuzi 600 hivi na kuyachoma masizi, na mafuta hayo hayasukumi gari hata mita moja. Chujio lenyewe huibana ekzosi, vali ya kurudisha moshi huchafua njia ya hewa, vihisio vya urea huharibika, na gari linaweza kupunguziwa nguvu na kompyuta yake katikati ya safari. Malalamiko haya ni ya kweli, na kwa pikapu zilizotoka kati ya mwaka 2007, chujio lilipoanza kuwa la kawaida, na 2010, yalikuwa ya haki zaidi, kwa kuwa wahandisi walilazimika kuzidhibiti oksidi za nitrojeni ndani ya injini yenyewe kwa gharama ya ufanisi.

Lakini kuanzia matoleo ya 2011, Ford na General Motors zilipoanza kutumia urea kwenye pikapu hizi, hesabu ilibadilika. Kuzisafisha oksidi za nitrojeni kwenye bomba huipa injini uhuru wa kuwaka kwa ufanisi zaidi, kwa hiyo mfumo ambao mwenye gari anaulaumu ndio unaomrudishia sehemu ya mafuta yake. Akiba kubwa inayotangazwa baada ya kung'oa, kwa maoni yangu, hutokana zaidi na mpangilio mpya wa kompyuta unaofungwa siku hiyohiyo kuliko na bomba tupu. Na chujio hujaa upesi kwa yule anayeendesha safari fupifupi na kuacha injini ikinguruma huku gari limesimama, jambo ambalo peke yake hula lita 1 hadi 2 kwa saa. Mwendo mrefu wenye mzigo huyachoma masizi polepole bila tone la ziada. Upande wa pili wa mizani kuna watu wengine. Mwezi Juni 2012 shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani liliuweka moshi wa dizeli kwenye kundi la kwanza la visababishi vya saratani, na Novemba 2020 Shirika la Ulinzi wa Mazingira la Marekani, EPA, lilikadiria kwamba pikapu za dizeli zaidi ya 550,000 zilikuwa zimeng'olewa vifaa hivi katika muda wa takriban miaka 10. Mwenye gari huweka akiba mfukoni mwake, na gharama huibeba aliye nyuma yake barabarani. Siwezi kuiita hiyo akiba.

Kuhusu dawa za kumimina tangini, sumaku za kufunga kwenye bomba la mafuta na vifaa vya aina hiyo, sina haja ya kukaa sana: EPA imepima zaidi ya vifaa 100 vinavyodaiwa kuokoa mafuta bila kupata kimoja kinacholeta tofauti ya maana. Mafuta yenyewe ni habari nyingine. Dizeli ya mimea iliyo safi ina nishati pungufu kwa takriban asilimia 8 kwa lita, na ile iliyochanganywa kwa asilimia 20 hupungua kwa asilimia 1 hadi 2, kwa hiyo anayebadilisha kituo cha mafuta anaweza kudhani injini imechoka. Oili nyepesi hupunguza msuguano kwa asilimia ndogo, lakini oili nyepesi mno kwa injini isiyotengenezewa huziacha beringi bila kinga ya kutosha wakati wa mzigo, na kitabu cha gari ndicho kinachopaswa kuamua.

Matengenezo ya kawaida yana heshima ndogo kuliko inayostahili. Mpira wa hewa ya turbo uliopasuka, nozeli inayovuja, thamostati iliyokwama wazi na kuiacha injini baridi, au breki inayokamata gurudumu moja, kila kimoja kinaweza kula mafuta kuliko kile ambacho kifaa cha bei kubwa kingeokoa. Anayefanya mabadiliko kwenye gari lenye hitilafu hizo anapima ugonjwa pamoja na dawa.

Kwa mabadiliko yaliyobaki, napendelea kuhesabu gharama kwa lita. Tuseme kubadilisha difu kutoka uwiano wa 4.10 (shafti huzunguka mara 4.10 gurudumu likizunguka mara moja) hadi 3.42, kazi inayopunguza mizunguko ya injini kwa karibu asilimia 17 katika kasi ileile, kunagharimu sawa na lita 1,500 za dizeli, na tuseme kunaokoa lita 1 kwa kila kilomita 100. Gharama itarudi baada ya kilomita 150,000. Kwa anayetembea kilomita 15,000 kwa mwaka hiyo ni miaka 10, na gari huenda likauzwa kabla. Kwa anayetembea kilomita 100,000 ni mwaka mmoja na nusu, na angepaswa kufanya hivyo kesho, isipokuwa kwamba mtu anayetembea umbali huo na pikapu ya namna hii kwa kawaida huwa anavuta tela, na tela ndilo lililomfanya achague 4.10 tangu mwanzo.