The Champ ya 1931: machozi ya haki au ya kulazimishwa?

Filamu ya The Champ, aliyoiongoza King Vidor mwaka 1931, bado inawagawa wapenzi wa sinema za zamani. Wengine huiona kazi bora, wengine mtego wa kumliza mtazamaji. Andy Purcell (Wallace Beery) aliwahi kuwa bingwa wa ngumi wa uzito wa juu. Sasa ni mlevi na mcheza kamari, anaishi Tijuana, Mexico, na mwanawe Dink (Jackie Cooper). Mama wa mtoto, Linda, kaolewa na tajiri na anamtaka mwanawe.

Wanaoilaumu wana hoja. Ngumi zenyewe ni chache, na pambano la mwisho lipo hasa ili Andy ashinde kisha afe mbele ya Dink. Ila mimi machozi hayanikeri. Linalonikera ni kwamba kifo kinalikwepa swali zito: mtoto alelewe na nani? Mwandishi wa hadithi, Frances Marion, hakumfanya Linda shetani, na mumewe ni mstaarabu. Andy anampenda mwanawe mno, lakini farasi aliyempa anampoteza kwenye kamari. Hapo ndipo penye utamu wa hadithi, halafu baba anakufa, mama anambeba mtoto, kesi imefungwa. Rahisi mno!

Wanaoitetea wataje ile sehemu ya jela. Andy anamzaba Dink kofi ili akubali kwenda kwa mama yake; mtoto akishaondoka, anaupiga ukuta kwa mkono uleule. Hapo sina ubishi. Beery alipata Oscar ya mwigizaji bora, akigawana na Fredric March aliyemzidi kura moja tu, na Marion naye akapata yake ya hadithi. (Cooper alikuja kusimulia ukubwani kuwa Beery hakuwa na upendo naye nje ya kamera. Ukiwatazama huwezi kuamini.)

Mwaka 1979 Franco Zeffirelli aliirudia filamu hii, na kipande cha kifo cha bondia kikaja kutumiwa na wanasaikolojia maabara kuwatia watu huzuni. Dakika chache zinatosha, hata kwa asiyejua bondia ni nani. Kuhusu mwisho, basi, wakosoaji wameshinda. Lakini kofi la jela halikuumizi mpaka uwe umeshamwona Dink akimlaza baba yake mlevi kitandani.