Uongozi wa fratenati: useme au unyamaze mbele ya kamati ya udahili?

Kila msimu wa usaili ukifika, wanafunzi wanaomaliza shahada ya kwanza Marekani huulizana jambo moja, na miongoni mwao wamo vijana wetu waliojiunga na fratenati, vile vyama vya wanafunzi wa kiume vinavyojiita kwa herufi za Kigiriki. Umekuwa rais wa tawi, au mweka hazina. Sasa shule ya udaktari, sheria au biashara imekuita. Utaje cheo hicho au ukiache?

Wanaoshauri ukiache wana sababu nzito. Februari 2017, katika nyumba ya fratenati ya Beta Theta Pi pale chuo kikuu cha Penn State, mwanafunzi wa mwaka wa pili, Timothy Piazza, alinyweshwa pombe nyingi usiku wa kupokea wanachama wapya, akaporomoka kwenye ngazi, na wenzake wakakaa kwa muda wa karibu saa 12 bila kuita msaada. Alifariki. Waliowahi kuwa njuka kwenye shule za bweni hawahitaji kuelezwa sana jinsi unyanyasaji unavyovikwa joho la mila. Msaili anayekumbuka kisa kile, au aliyewahi kufundisha kijana wa namna ile, akisikia neno fratenati anaweza kukufungia mlango moyoni kabla hujamaliza sentensi.

Lakini si haki kuzitia zote kapu moja. Alpha Phi Alpha ilianzishwa Cornell mwaka 1906 na wanafunzi weusi waliokuwa wachache na wapweke chuoni hapo. Thurgood Marshall, jaji wa kwanza mweusi wa Mahakama Kuu ya Marekani, na Martin Luther King walikuwa wanachama wake. Kumwambia kijana aliyeongoza tawi la chama kama hicho afiche historia yake ni kumnyima kitu cha thamani.

Kuna na kazi yenyewe. Mweka hazina wa miaka 20 anakusanya ada kwa watu anaokula nao meza moja, analipa bili za nyumba, na hana mshahara wa kumkata mtu wala uwezo wa kumfukuza kazi. Ajira chache za mwanafunzi zinampa mtihani huo.

Mimi nasema taja, ila cheo kitangulizwe na kazi. “Nilikuwa rais wa wanachama 80, nikajifunza uongozi” ni jibu linalopita sikioni na kutoka. Linganisha na hili: “Rafiki yangu tuliyekaa chumba kimoja alikuwa na deni la ada. Nilimpangia alipe kidogo kidogo, lakini nilikataa kufuta jina lake kwenye orodha ya wadaiwa, na tulinuniana hadi muhula ukaisha.” Hapo msaili ameona mtu, na ana la kuuliza zaidi.

Kwa wanaoomba udaktari, kunyamaza kuna kikomo hata hivyo. Fomu ya AMCAS, inayotumika kuomba shule nyingi za udaktari Marekani, inatoa nafasi 15 za shughuli, na 3 tu kati yake unazieleza kwa kirefu. Ukiiweka fratenati humo, umeshaalika swali, na kulikwepa ana kwa ana kutazua shaka. Kwa uzamivu wa sayansi jambo ni jepesi: sentensi moja yatosha, kwa kuwa profesa anataka kujua utafiti wako.

Swali la kujiandaa nalo kuliko yote ni hili: tawi lenu liliwapokeaje wanachama wapya, na wewe ulifanya nini? Sheria ya Marekani iliyosainiwa Desemba 2024 inavitaka vyuo vitangaze hadharani vyama vilivyopatikana na hatia ya kunyanyasa wanachama wapya. Tazama ripoti ya chuo chako kabla ya usaili. Tawi lenu likiwamo, lizungumzie mwenyewe bila kungoja kuulizwa, na useme ulisimama upande gani. Kama ulikuwa kiongozi na ukafumba macho, cheo hicho usikitumie kujinadi.