Biskuti za nondo, sio za chai

Jumamosi nimepita Nyegezi, Mwanza, kwa shemeji yangu, Jumatatu walikuwa wamepanga kumwaga slabu. Nakuta nondo zimelala juu ya mbao flati kabisa, kama dagaa walioanikwa Igombe. Namuuliza fundi biskuti ziko wapi, vile vipande vya simenti vya kuinua nondo zisilale kwenye mbao, ananijibu "mkuu usijali, wakati wa kumwaga vijana watazinyanyua na koleo". Koleo! Yaani kijana mwenye ndoo ya zege begani, anazikanyaga hizo hizo nondo, ndo atuwekee nafasi ya sentimita mbili na nusu chini ya nondo slabu nzima.

Halafu baadae utasikia eti upepo wa ziwa unakula nondo. Jamani Victoria ni maji baridi, chumvi waachieni watu wa Dar na Tanga. Huku tunajimaliza wenyewe. Simenti ina ukali wake ambao unailinda nondo isishike kutu, ila hewa ukaa inapenya toka nje kidogo kidogo inaua ule ukali, ikishaifikia nondo na unyevu upo, kwisha habari. Na ukipunguza nusu unene wa zege linalofunika nondo, muda wa hewa kufika haubaki nusu, unabaki kama robo! Kutu nayo inavimba, inataka nafasi mara mbili mpaka mara sita ya chuma kilicholiwa, sasa zege litaenda wapi zaidi ya kupasuka.

Nilipanga Kirumba, siku moja kipande cha baraza la juu kikadondoka kwenye beseni la nguo za jirani, ukitazama juu unahesabu nondo moja moja, nyekunduuu. Mwenye nyumba akapiga plasta na rangi. Haikupita masika michirizi ya kahawia ikarudi palepale.

Fundi alisema kutu ya juu juu kwenye nondo mpya haina shida. Haya, hapo kapatia. Ila wale mnaopaka nondo rangi ya mafuta, zege lishike nini? Na habari ya kuongeza maji ili zege "liteleze" leo sitaki hata kuianza.

Basi tukakoroga mchanga na simenti wenyewe, tukatandaza kwenye ubao, tukakata vipande na mwiko, kila kimoja na waya wake katikati, fundi amekaa kwenye tofali anatucheka. Mfuko wenyewe haukuisha. Slabu imesogezwa wiki nzima biskuti zikomae, shemeji kaninunia maana mashine ya zege alishailipia. Anune tu.