Nimeuliza bei, sijauliza ya mwezi

Kila uchumi ukiyumba utasikia: nunua gari sasa, wauzaji wana shida, watakubembeleza. Nimezunguka yadi tatu wiki hii. Magari yamejaa, vumbi limeganda kwenye vioo, na bei iko palepale. Ukiomba punguzo, muuzaji anakujibu kwa swali: "Kwa mwezi unaweza kulipa kiasi gani?"

Hapo ndipo damu inanichemka. Nimeuliza bei ya gari! Ukishataja kiasi chako tu, anavuta mkopo kutoka miezi 36 hadi 72. Marejesho ya mwezi yanapungua, kweli, lakini riba unailipa miaka 6 badala ya 3. Gari nalo linashuka thamani haraka kuliko deni linavyopungua. Ukiachishwa kazi katikati (na wakati kama huu ndio watu wanaachishwa), unaliuza na bado unadaiwa.

Jana nimeonyeshwa moja, eti limeingia juzi. Nikainama kusoma tarakimu nne za mwisho ubavuni mwa tairi: 1419. Yaani tairi lilitengenezwa wiki ya 14, mwaka 2019. Mpira una nyufa nyembamba pembeni kote, betri imekufa, mpaka wakaleta waya kuliwasha. Hilo la juzi? Nikamwonyesha zile namba. Hakubisha, akafungua karatasi nyingine: juu ya bei kuna "ada ya maandalizi", na hiyo haipungui. Maandalizi gani jamani, na hata matairi hamjabadilisha?